Koti la Msumeno

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daftari, nisamehe. Nimekuacha muda mrefu mno. Mara ya mwisho kuandika humu Mdogo alikuwa bado tumboni. Leo ana meno mawili na ameshayajaribu kwenye jalada lako. Dada yangu, aliyekutuma kutoka kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, aliniagiza niandike kila siku, eti nimeanza kuongea peke yangu jikoni na hiyo si dalili nzuri. Nikamwahidi. Halafu usingizi ukanishinda miezi minane.

Haya, habari. Baba Watoto ameondoka leo kwenda kufunga milango kwa mteja, mbali. Anarudi Jumapili. Jumatatu anaanza madawati sitini ya shule, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Msumeno wake wa meza, ule wa umeme, umebaki uani kwa sababu hauingii mlangoni. (Alinunua kwanza, akapima mlango baadaye. Hilo hatulizungumzi.) Huo msumeno ndio unga wetu, ndio kodi ya nyumba, ndio viatu vya watoto.

Ameufunika kwa turubai jipya la bluu. Juu ameweka ubao katikati ili maji yateremke pande zote mbili, akafunga kamba, na chini akaacha nafasi ya shubiri moja. Nikamuuliza hiyo nafasi ni ya nini, ya panya? Akasema chuma lazima kipumue. Kisha akanishika bega, akaniomba kitu kimoja tu: nisiuguse. Nikamwambia, kwani mimi mtoto?

Jumanne, tarehe 4

Mama Jenereta, jirani wa geti la kijani, leo ameita watu waje kuona koti la jenereta lake. Koti kabisa! Limekatwa kwa vipimo, limebana vizuri, lina zipu. Kama bwana harusi. Akatuambia limetoka kiwandani, akarudia kiwandani mara tatu. Halafu akachungulia uani kwetu, akalitazama turubai letu, akaniuliza kwa upole kama tuna mgonjwa tumemlaza pale. Wanawake wakacheka. Nami nikacheka. Kicheko cha meno tu.

Nimenyonyesha huku nawaza. Mkono wa kushona ninao, hilo hakuna anayebisha. Shuleni mwalimu alikuwa akinyanyua kazi yangu darasa zima lione. Shazia ninayo, ile sindano kubwa ya magunia. Uzi wa nailoni upo. Mkasi upo. Turubai lipo.

Hapana. Niliahidi.

Jumatano, tarehe 5

Nimelikata turubai.

Nilianza na pembe moja tu, kujaribu. Basi pembe ikawa fupi, ikabidi nisawazishe na ya pili. Kufika saa nne lilikuwa vipande saba na hakuna njia ya kurudi.

Nimeshona mpaka vidole vimetoboka. Mdogo mgongoni, ananivuta nywele. Binti yangu mkubwa ana miaka mitano na tunamwita Spika, maana hakuna jambo analolisikia asilitangaze. Nimemkalisha, nimemtazama machoni, nimemwambia hii ni siri ya wanawake wa nyumba hii. Akaapa. Dakika tano baadaye nikamsikia getini akimweleza muuza maziwa.

Koti limetoka zuri, siongopi! Limebana kila upande. Nimeweka mfuko wa kuwekea penseli na futi kamba. Nimeweka kola. Msumeno hauhitaji kola, najua, lakini kipande kilibaki.

Ubao wa juu nimeutoa. Ulikuwa unaharibu umbo.

Alhamisi, tarehe 6

Siku ya utukufu. Nimeanika nguo polepole sana, ili Mama Jenereta aone. Akaona. Akaniuliza limetoka wapi. Nikasema, kiwandani. Akauliza kiwanda gani. Nikamnyooshea hivi vidole kumi. Wenzake wakapiga makofi, yeye akakumbuka ameacha sufuria jikoni.

Mchana Baba Watoto akapiga simu, akauliza mashine inaendeleaje. Nikamjibu salama kabisa, kama ulivyoiacha. Spika akainyaka simu, akamwambia baba yake mashine imevaa koti na koti lina kola. Nikamnyang'anya. Nikamweleza Baba Watoto kwamba mtoto ana homa kidogo, anaota mchana. Mtoto akasimama pale pale, mzima wa afya, akinitazama. Yale macho! Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba uongo ni mbaya. Juzi tu nilimnyima katuni kwa sababu ya uongo mdogo kuliko huo.

Saa kumi mvua imenyesha. Nyingi. Nimekaa dirishani bila wasiwasi wowote, najisifu.

Ijumaa, tarehe 7

Daftari, niambie. Mtu aliyeshona tangu utotoni, anakosaje kujua kwamba sindano inatoboa?

Kila pindo lina matundu mia. Kila tundu limeingiza maji. Na pale juu, nilipotoa ubao, koti lilibonyea katikati, likawa beseni. Spika nimemkuta anamwogeshea mwanasesere wake humo. Ndani, meza ya msumeno imelowa chapachapa.

Sikulia. Mtu mwenye watoto wawili hana nafasi ya kulia kabla ya saa saba mchana. Nimeifuta kwa taulo la Mdogo, juu juu, maana Mdogo alikuwa analilia taulo hilo hilo. Nimelirudisha koti. Kisha nimeingia kwenye boksi la vifaa la Baba Watoto, nimetoa tepu nyeusi pana, roli mbili, nimeziba kila pindo, kila tundu, kila kona. Chini nimelibana koti mpaka kwenye sakafu ya saruji, nikazungusha tepu mara nne. Hata ile shubiri yake nimeiziba. Hakuingii maji. Hakuingii upepo. Hakuingii hata wazo baya.

Baba Watoto akapiga tena simu. Nikasema salama. Nikakata kabla Spika hajaifikia simu.

Jumamosi, tarehe 8

Jua kali kutwa. Nimefurahi: litakausha kila kitu.

Spika ameniita akasema Mama, koti linatoka jasho. Nimemwambia makoti hayatoki jasho, akanawe mikono. Akasisitiza kwamba amechungulia chini ya kola, tepu ilipobanduka kidogo, na ndani kuna matone. Nikaenda. Nikaweka kiganja. Moto kama paji la mgonjwa. Nikajiambia joto ni zuri, nguo zetu zinakauka kwa joto. Nikaondoka haraka, kabla sijafikiri zaidi.

Nimefikiri hata hivyo. Nimefikiri nikikoroga uji, nikifua nepi, nikimkata Spika kucha. Kulifungua koti ni kubandua tepu yote, na kubandua ni kuona. Nikaamua kesho asubuhi, mapema, kabla hajafika.

Jumapili, tarehe 9

Usiku mvua imerudi, na asubuhi amefika mapema kuliko mapema yangu. Na hakuja peke yake! Amekuja na Mwalimu Mkuu wa ile shule, mzee mmoja mstaarabu sana, viatu vinang'aa, ametaka kuiona mashine itakayomtengenezea madawati. Mimi nimesimama mlangoni na Mdogo kiunoni, nywele sijachana, mdomo wazi.

Baba Watoto alilizunguka koti lote. Akagusa kola. Spika akatangaza kwamba Mama ameshona mwenyewe na kwamba yeye hakuwa na homa.

Akaanza kubandua tepu. Sauti ile, kraaa, naisikia mpaka sasa. Lilipofunguka likatoa mvuke na harufu ya misumari ya zamani. Ile meza ya chuma, ambayo Spika alikuwa akijitazamia meno, imekuwa kahawia yote. Gurudumu la kupandishia msumeno halizunguki. Na alipolivuta koti, ule mfuko wangu wa penseli ukapinduka, ukamwaga maji yote juu ya viatu vya Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu alirudi nyuma hatua moja, akauliza taratibu kama ndiyo mashine yenyewe. Baba Watoto akajibu ndiyo, mzee wangu, inahitaji maandalizi kidogo tu, kesho kutwa inafanya kazi. Alisema hivyo bila kunitazama. Amenifunika. Mimi niliyeshindwa kufunika chuma.

Mzee akasema kama hadi Jumatano haijawaka, itabidi atafute fundi mwingine, watoto wanakaa sakafuni. Akaenda, viatu vinalia chwaka chwaka.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Mvua ilikuwa ya ajabu. Jirani alinichokoza. Tepu ilikuwa mbovu. Baba Watoto hakugomba. Aliniuliza kitu kimoja tu: Alhamisi alipopiga simu, nilikuwa najua? Nikayaweka kando yale niliyoandaa. Nikasema nililikata turubai, Jumatano, mimi mwenyewe, na Ijumaa nilijua. Akatikisa kichwa, akasema kutu inatoka kwa msasa, lakini… Hakumalizia. Akaenda kutafuta msasa.

Ningependa angegomba.

Jumatatu, tarehe 10

Tumesugua kutwa. Yeye upande wake, mimi wangu, Mdogo kwenye beseni kavu katikati yetu. Msasa, mafuta, kitambaa. Msasa, mafuta, kitambaa. Kucha zangu zimekuwa za fundi magari. Mama Jenereta akapita akasimama, akauliza koti liko wapi. Kabla sijajibu Baba Watoto akamwambia limepelekwa kufuliwa. Kisha akacheka, kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana. Nikainama nikasugua zaidi ili asione machozi.

Nimemwomba msamaha. Si wa turubai, wa simu. Akasema amesikia. Akanieleza tena, polepole, kama anavyomweleza Spika: turubai huwa zima, halikatwi, juu liwe na mteremko, chini liachiwe nafasi, na kitu kikilowa, kikaushwe kwanza ndipo kifunikwe. Nimeyaandika yote hapa. Nimeyapigia mstari.

Jumatano, tarehe 12

Umewaka! Gurudumu linazunguka, meza imebaki na madoa kama ramani lakini inateleza. Mwalimu Mkuu amekuja na viatu vya mpira, ametazama dawati la kwanza, amekaa juu yake, amesema sawa. Nilijificha nyuma ya mlango mpaka alipoondoka. Madawati hamsini na tisa yamebaki.

Baba Watoto amenunua turubai jingine, la kijani, akaweka ubao wake, kamba zake, shubiri yake. Linaning'inia tu, kama gauni la kuazima. Linapigwapigwa na upepo. Mama Jenereta amelitazama, akaenda zake kufunga zipu ya jenereta. Angesema neno, ningevumilia.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Kushona hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba koti halikuwa na bitana. Lingekuwa na bitana, lile jasho lingepata pa kwenda. Ni jambo dogo mno, nashangaa hakuna aliyeliona.

Nitamwandikia Dada leo hii, Mdogo akilala. Asalaam Dada, sisi wazima, samahani kwa ukimya. Naomba unitumie na basi la Ijumaa:

flana nzito mita nne, ya kunyonya jasho;
zipu ya mita mbili, ndefu kuliko ya jenereta;
uzi wa nailoni, roli moja;
shazia mbili, yangu imepinda;
tepu nyeusi pana, roli sita;
vifungo vinne vikubwa, vya kola;
na msasa karatasi kumi. Hizo zifunge peke yake, na shemeji yako usimtajie.