Mashine Inayosikia Dhahabu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeipata! Mashine ya kutafuta chuma na dhahabu chini ya maji. Kitabu chake kinaiita kigunduzi. Fimbo ndefu, sahani upande wa chini, kisanduku cha vitufe upande wa juu, na visikilizio viwili vya kubana masikio. Nimebadilishana na mzamiaji mmoja aliyeacha kazi. Yeye kachukua mashine yangu ya akiba ya kukatia funguo. Aliondoka mbio. Nadhani aliogopa nisije nikabadili mawazo.

Hesabu yangu ni nyepesi. Watu wanaoga baharini kila mwisho wa wiki. Maji ya baridi husinyaza vidole. Pete huchomoka. Fikiria miaka hamsini ya vidole vilivyosinyaa! Zote ziko pale, maji ya magoti, zinangoja mtu mwenye akili.

Mke wangu ni mkunga, mtu wa maneno machache. Aliuliza kama nimesoma kitabu. Nikamwambia aliyekata funguo miaka kumi na tisa hahitaji kufundishwa habari za chuma. Akasema mtu huyohuyo mwezi uliopita alijifungia nje mara tatu.

Nimeijaribu sebuleni. Imelia kwenye makochi. Imelia kwenye pasi. Imelia mbele ya mama mkwe, ambaye nyonga yake ina chuma cha hospitali. Mama mkwe amehamia chumbani kwake na kufunga mlango kwa ndani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimefunga kibanda changu cha kukatia funguo. Nimebandika karatasi: FUNDI YUKO MAFUNZONI.

Nimeingia majini saa mbili asubuhi, nimevaa viatu vya kazi dhidi ya chupa zilizovunjika. Mashine ililia papo hapo! Nikachimba. Hakuna kitu. Nikasogea hatua moja. Ikalia tena, kwa nguvu ileile. Nikachimba. Patupu. Mashimo kumi na moja. Nikaanza kuamini kuna meli nzima iliyozama chini yangu, imelala kwa urefu wa ufukwe wote.

Halafu nikasikia sauti nyuma yangu. Nikaitambua kabla sijageuka. Mgongo ulinyooka wenyewe. Bi Pembetatu! Mwalimu wangu wa hesabu wa kidato cha pili. Amestaafu. Amevaa suti ya mpira ya wazamiaji, na ana kigunduzi kikubwa kuliko changu.

Nikamwamkia shikamoo. Akasema, “Marahaba, mwanangu. Vua viatu.”

Viatu vyangu ni vile vya mafundi wa ujenzi, vyenye chuma mbele ya vidole. Nilikuwa nachimba miguu yangu mwenyewe tangu asubuhi.

Nilimshukuru kwa adabu zote. Simpendi.

Yeye hufanya kazi kwa miraba. Anachomeka vijiti, anafunga kamba, anapekua mraba mmoja baada ya mwingine, polepole, kama anayesahihisha madaftari. Leo ameokota herini ya dhahabu. Aliniuliza kama bado naruka hatua kwenye maswali. Nikasema niliacha zamani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Peku. Lakini leo mashine inapiga kelele bila sababu. Kila wimbi likija, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikabonyeza kitufe cha kwanza. Kelele. Cha pili. Kelele zaidi. Cha tatu, kimya! Utulivu mtupu. Nikatembea saa mbili na nusu majini kwa amani kubwa, nikifurahia jinsi nilivyoielewa.

Kitufe cha tatu ni cha kuzima.

Jioni nikarudi nyuma kidogo, nikaiwasha, nikabahatisha. Nimepata vifungulio vya makopo ya soda kumi na vinne, kijiko, na ufunguo mmoja. Ufunguo nikautazama vizuri. Meno yake nikayajua. Ni kazi ya mkono wangu. Kuna mteja alirudi kibandani mara mbili kulalamika kwamba haufungui, nami nikamwambia kosa ni la kitasa. Inaonekana alifanya uamuzi wake.

Bi Pembetatu alipita kunyoosha viungo. Alisema chumvi ya bahari huichanganya mashine, kwa hiyo inabidi kwanza kuizoesha maji. Tena kila kitu kina sauti yake: msumari unakoroma, kifungulio cha kopo kinapiga chafya, dhahabu inaguna tu. Sikio lazima lifunzwe. Aliniagiza nianze na beseni nyumbani, nitumie kipande cha shaba, wiki nzima, ndipo nirudi baharini.

Wiki nzima! Na beseni! Ni wazi anataka kumaliza pete zote peke yake.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Sikio la dhahabu hufundishwa na dhahabu. Si shaba. Hilo halihitaji mwalimu wa hesabu.

Mke wangu havai pete kazini. Mkunga hawezi. Pete yake hukaa kwenye kikombe kisicho na mkono, juu ya kabati, hadi kuwe na shughuli. Nimeiazima. Sikumwamsha kumwomba, maana alikuwa ametoka zamu na amelala fofofo. Nimemhurumia.

Nimeifunga pete kwa uzi wa kushonea, upande wa pili nikafunga kizibo kiwe kinaelea. Nikaizamisha kwenye maji ya magoti. Nikapitisha sahani juu yake.

Niliisikia! Sauti ya chini, laini, kama mtu anayekubali jambo huku mdomo umejaa. Mmh. Nikarudia. Mmh. Nikafumba macho, nikazunguka, nikaipata tena. Mara kumi! Nywele zilinisimama. Miaka kumi na tisa nasikiliza msumeno wa funguo, kumbe masikio yangu yaliumbwa kwa kazi nyingine.

Kisha nikataka kujua itasikika ikiwa chini zaidi. Nikaikandamiza mchangani kwa kisigino. Nikakandamiza tena. Likaja wimbi la wastani, wala si kubwa.

Kizibo kilielea. Nikakivuta. Uzi ukaja. Fundo la kizibo lilikuwa palepale, zuri, limekaza. Pete haikuwepo.

Nimetafuta hadi mlinzi wa ufukwe akanipulizia filimbi, maji yakiwa kifuani. Mimi siogelei.

Jumamosi binamu yake mke wangu anaolewa. Mke wangu atavaa pete.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Asubuhi, kibandani. Hofu inanoa akili. Nimechukua ufunguo mkubwa wa shaba ambao haujakatwa, nikatoboa, nikachonga, nikapiga msasa, nikang'arisha kwa dawa ya meno. Ni pete! Ukiitazama kwa mbali, na huku unawaza mambo mengine, huwezi kuijua. Nimeitumbukiza kwenye kikombe juu ya kabati. Mama mkwe alipita wakati nashuka kwenye kiti. Aliuliza natafuta nini. Nikasema vumbi.

Mchana, ufukweni. Maji yamekupwa, mchanga uko wazi, lakini masikio yangu leo yanasikia moyo wangu tu. Du, du, du. Nimechimba vifungulio tisa.

Ningeweza kumwomba Bi Pembetatu. Angeuliza nimepotezaje. Ningemwambia. Angenitazama vile alivyonitazama kidato cha pili, niliponakili majibu ya mwenzangu pamoja na jina lake.

Ndipo nikapata wazo. Saa saba hukaa kwenye kiti chake cha kukunja kunywa chai, ameipa bahari mgongo. Nimeng'oa vijiti vyake, nikavihamishia mahali nilipozamisha pete. Hatua thelathini na mbili. Atapekua pale bila kujua, mimi nitakuwa karibu, nitasema hiyo ni yangu, nashukuru.

Alirudi. Akasimama. Alitazama kamba kwa muda mrefu. Akasema, bila kumtazama mtu yeyote, “Hii si pembe mraba.”

Nikajifanya nasoma kitabu cha mashine.

Alikinyoosha kijiti kimoja, akaendelea na kazi palepale. Saa kumi akafunga vitu vyake akaondoka. Nilikuwa naye bega kwa bega muda wote, isipokuwa dakika chache nilipokwama kwenye shimo langu mwenyewe. Sikuona akiokota kitu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Asubuhi mke wangu ameivaa. Aliigeuza kidogo kidoleni. Nikamwambia amependeza. Akanitazama, maana huwa sisemi.

Ukumbi ulijaa, joto tupu, feni moja. Saa ya kwanza, salama. Saa ya pili nikaona anakitazama kidole. Kilikuwa kijani. Si kijani cha kutia shaka. Kijani cha jani la mgomba. Akakifuta kwa kitambaa. Kitambaa nacho kikawa kijani.

Na nani anakuja kwenye safu yetu, gauni la zambarau, anapeana mikono na kila mtu? Bi Pembetatu. Bwana harusi naye alikuwa mwanafunzi wake. Nikafikiria kuingia chini ya meza. Kitambaa cha meza kilikuwa kifupi.

Nilimwamkia. Akaitika. Kisha akamgeukia mke wangu, akafungua mkoba, akampa bahasha ndogo. Alisema aliiokota jana, mraba wa nne, kwenye vijiti vilivyotembea vyenyewe. Ndani ya pete kuna jina langu na tarehe ya ndoa yetu, aliendelea. Alikuwepo kwenye harusi hiyo na anakumbuka ilikuwa siku moja kabla ya hiyo iliyoandikwa. Hapo ndipo akajua bila shaka kazi ni ya nani.

Niliichora mwenyewe ile tarehe. Nilikuwa kijana.

Nikangoja. Mke wangu aliivua ile ya shaba, akaitia kwenye mfuko wa shati langu, akaivaa yake. Hakupandisha sauti. Alisema, “Ungeniambia tu. Ningekuja tukaitafuta wote.”

Akanishika mkono. Kwa mkono ule wenye kidole cha kijani. Tukakaa hivyo mpaka keki ikakatwa. Yangu ilipokwisha, nikala na ya kwake.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mke wangu amekuja ufukweni! Mwenyewe, bila kuombwa. Amevaa kofia ya mama yake na viatu vya mpira. Nikamwonyesha vitufe. Akaniuliza cha tatu ni cha nini. Nikasema hicho ni cha wataalamu.

Akavaa visikilizio. Akafumba macho. Baada ya dakika kumi akasema chimba hapa. Nikachimba. Mkufu! Mwembamba, umejifunga mafundo, lakini dhahabu. Baada ya nusu saa, akasema hapa. Pete ya mtoto. Mimi sikusikia kitu nilipojaribu, mahali palepale, mashine ileile.

Alisema si ajabu. Miaka ishirini na mbili anaweka sikio kwenye matumbo ya akina mama, anatafuta moyo ulio mdogo kuliko punje ya haragwe, wodi nzima ikipiga kelele nyuma yake. Dhahabu inapiga kelele zaidi ya hivyo.

Bi Pembetatu alimgawia mraba na chai. Wakacheka mambo ambayo sikuyasikia. Mimi nilishika chepeo, nikachimba. Sijamwona mke wangu akicheka hivyo kwa muda mrefu, akiwa amelowa hadi kiunoni, kofia imemwangukia machoni. Njiani kurudi alisema ameomba Jumatano asiwe na zamu, twende tena. Akasema tuchukue chakula, tukae siku nzima.

Ni wazi nimemfundisha vizuri.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku kubwa! Nimegundua kosa langu lote lilikuwa wapi. Ni maji. Mtu hafanyi biashara na kitu kinachosogea.

Kinyozi wa jirani na kibanda changu ana mashine ya kuangulia mayai. Sitini kwa mpigo! Siku ishirini na moja tu, unaweka, unasubiri, vifaranga wanatoka wenyewe. Nilipiga hesabu papo hapo. Sitini mara sitini. Mwakani nitakuwa na kuku wengi kuliko wakazi wa mtaa huu.

Tumebadilishana saa nne asubuhi. Yeye kachukua kigunduzi, mimi nimechukua mashine ya mayai. Alikuwa na haraka ya kufunga duka. Hakuwa na kitabu chake, lakini ina vitufe viwili tu.

Nimeiweka ndani ya kabati la nguo, nyuma ya sare za mke wangu, mahali penye joto. Mke wangu amerudi mchana na mfuko. Amejinunulia visikilizio vyake mwenyewe, na kofia mbili zinazofanana, moja yangu. Ameniuliza Jumatano tuondoke saa ngapi. Nimesema mapema.

Sijamwambia habari ya kubadilishana. Sitaki kumharibia furaha. Nitamwambia vifaranga wakishatoka.