Mgeni Rasmi Anasubiri Nyama

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata shangazi yangu ninayeishi naye: zile kilo themanini niliziandika mimi.

Shangazi alipotaka kufungua mkahawa usiopika nyama, maziwa wala mayai, fomu ya ofisi ya ukaguzi wa vyakula ilikuwa na kisanduku kimoja kilichouliza, "Kiasi cha nyama kwa wiki (kilo)". Mara tatu tuliandika sifuri, na mara tatu fomu ikarudi na wino mwekundu: Haijakamilika. Mara ya nne Shangazi alinipa niijaze mwenyewe kwa sababu nina mwandiko mzuri. Yeye alikuwa akichagua dengu, mgongo kanipa. Nikaandika 80. Siku tatu baadaye tukapata kibali cha miezi sita.

Miezi sita ilipokwisha, mkuu wa ofisi ile alikuja mwenyewe kukabidhi leseni ya kudumu. Kibao chetu kipya kilifunikwa kitambaa cha kijani, akifunue yeye. Alikula kwanza, kisha akahutubia. Mimi nikiogopa huandika, kwa hiyo nilikaa karibu na mlango wa jikoni nikaandika hotuba yote. Hii hapa.

* * *

Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Ukaguzi, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo inayoikagua Kamati ya Ukaguzi, ndugu mwenyekiti wa mtaa, bibi mwenye mkahawa huu, ndugu mwenye bucha ya ng'ambo ya barabara ambaye nimeambiwa umekuja kwa hiari yako, wageni waalikwa na wageni mliojialika, dereva wangu, na wewe mtoto unayeandika pale mlangoni, ambaye nakuomba uandike kwa herufi kubwa kwa kuwa yatakayosemwa hapa ni ya kihistoria: itifaki imezingatiwa, na kwa unyenyekevu niliojaliwa kuliko mtu mwingine yeyote ninayemfahamu, naomba tuizingatie tena. (Makofi. Dereva anaendelea kula.)

Ndugu zangu, nilipokabidhiwa ofisi hii, nyama ya mji huu ilikuwa yatima. Ilikuwa haina mlezi, haina wa kuipima, wala wa kuiuliza imelalaje. Ndipo nilipobuni, mimi peke yangu, nikiwa bafuni, Mradi wa Mkaguzi Kila Sahani, mradi wenye dira, wenye dhima, wenye mikakati mtambuka, wenye kapasiti bildingi, wenye monitaringi na ivaluesheni, na wenye fulana. (Sauti kutoka dirishani: "Fulana ziko wapi?") Fulana ziko kwenye mchakato. (Makofi machache.)

Na mfano bora wa mradi huo, mfano ambao nimeutaja katika semina saba na warsha mbili, ni mkahawa huu mlimoketi. Kwa miezi sita, kila Jumanne na kila Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi, bila kujali mvua wala jua, wakaguzi wangu wanne wenye makoti meupe wameingia kwa mlango ule wa nyuma, wakaifungua friji ya nyama, wakapima, wakachukua sampuli, na kuzipeleka maabara kwa gari letu la barafu. (Shangazi anageuka kuutazama mlango wa nyuma. Tumeuziba kwa kabati la vyombo tangu siku ya kwanza.) Takwimu hazidanganyi, ndugu zangu, na zikidanganya huwa nazirekebisha. Kilo themanini kwa wiki, mara wiki ishirini na sita, ni kilo elfu mbili na themanini. Na kati ya hizo, zilizopatikana salama ni asilimia mia moja na nne, kwa sababu nyingine tulizipima mara mbili. (Makofi. Mwenye bucha ananyanyua mkono: "Mheshimiwa, na hiyo nyama iko wapi?")

Ndugu mwenye bucha, wivu wa biashara ni maradhi, na dawa yake ni kukaa chini. Nyama iko frijini. Nimeiona kwa macho haya mawili Jumanne iliyopita, nikaigusa, na ilikuwa na wekundu unaotakiwa kisheria. (Mwenye bucha anakaa. Anacheka hadi mabega yanatikisika.)

Sasa nije kwenye mlo wa leo. Mimi ni mla nyama, na sifichi. Babu yangu alikula nyama, baba yangu alikula nyama, na mimi tangu niote meno sijakosa kikao. Zipo fununu kwamba kuna watu katika dunia hii wanaodai mtu mzima, mwenye cheo, anaweza kushiba majani. Watu hao nawaheshimu, kama ninavyowaheshimu mbuzi. (Kicheko. Shangazi hacheki.) Kwa hiyo nilipoketi hapa nikaletewa bakuli la dengu, nilijiambia: sawa, huu ni ufunguzi wa kikao. Vikaja viazi vya kuchoma na vitunguu; nikasema, hizi ni kumbukumbu za kikao kilichopita. Yakaja maharage na mboga za majani; nikasema, haya ni yatokanayo. Ukaja uyoga uliokaangwa kwa kitunguu saumu na pilipili, na huo niliuomba mara tatu, si kwa kuupenda, bali kwa kuukagua. (Dereva: "Mara nne, mzee.") Mara nne. Nikamvuta pembeni dada anayehudumu, nikamwuliza kwa sauti ya kiofisi, "Ajenda kuu inaingia saa ngapi?" Akaniambia, "Mzee, umeshakula yote." Nikamcheka, maskini, bado mgeni kazini. Mimi najua utaratibu. Mgeni rasmi hutunziwa mnofu hadi amalize hotuba, na ndiyo sababu leo nitasema kwa kifupi. (Hapa alikuwa amesema dakika thelathini na tano.)

Lakini msije mkadhani kwamba kwa kuwa nacheka sina meno. Mnaiona bahasha hii? Ndani yake mna leseni ya kudumu. Bila karatasi hii, kesho asubuhi mlango ule utatiwa kufuli, sufuria zitahesabiwa, na bibi huyu atarudi kushona mashuka ya watu kama zamani. Na nasema mbele ya mashahidi: yeyote aliyeidanganya ofisi yangu, hata kwa kilo moja, hata kwa nusu kilo ya utumbo, leseni yake nitaichana mbele ya macho yake, vipande vinane, kama nilivyomchania yule mwenye duka la samaki. (Kalamu yangu ilianguka. Maneno machache yamepotea. Nilipoinuka alikuwa bado ameinua bahasha.)

...na ahadi ni deni. Ifikapo mwakani, kila mtaa utakuwa na friji yake ya nyama, kila friji itakuwa na mkaguzi wake, kila mkaguzi atakuwa na msimamizi, na kila msimamizi atakuwa na kiti kinachozunguka. Tutakagua mchuzi. Tutakagua harufu ya mchuzi. Wajumbe watatu wa kamati yangu watasafiri nje ya nchi kujifunza kutafuna kwa mujibu wa viwango vya kimataifa. (Wajumbe watatu wanapiga makofi kwa muda mrefu.)

Na sasa, kabla ya nyama, nakifunua kibao. Na kama ilivyo desturi yangu, nitakisoma kwa sauti, kwa faida ya wenzetu waliosahau miwani. (Anavuta kitambaa. Kinakwama kwenye msumari. Anavuta tena.) "Karibu... kwa Shangazi. Mboga... nafaka... na matunda. Ndani ya mlango huu... hapajawahi... kuingia... nyama."

(Kijiko kinaanguka mahali fulani.)

(Mwenye bucha anasimama: "Kumbe zile kilo elfu mbili umezila peke yako! Mimi nina bucha hapo ng'ambo miaka kumi na mmoja, ndoano zangu zinaonekana kutoka hapa ulipo, na hujawahi kunikagua hata siku moja!" Kicheko cha watu wote. Mwenyekiti wa mtaa anajifuta macho kwa kitambaa cha meza.)

Tulieni. Tulieni, ndugu zangu. Mwenye bucha, kaa, au simama, lakini kimya. Hii... huu ulikuwa mtihani, na nafurahi kusema tumeufaulu sote. Hebu fikirini kitaalamu. Nyama isiyokuwepo haiozi. Haina nzi. Haina mifupa ya kumkaba mtoto. Kwa miezi sita ofisi yangu imeilinda nyama hiyo dhidi ya kila hatari, na mpaka leo hakuna mwananchi hata mmoja aliyeumwa tumbo kwa kuila. Ni ofisi gani nyingine inaweza kusema hivyo? (Sauti: "Hakuna!" Sauti nyingine: "Hakuna nyama!") Ahsanteni.

Bibi, ichukue bahasha yako. Ichukue tu, upesi, usiifungulie hapa.

Nawashukuru wakaguzi wangu wanne, ambao siku watakapoajiriwa wataona fahari kwa kazi waliyokwisha kuifanya. Naishukuru maabara, ambayo kiwanja chake bado kinatafutwa. Nalishukuru gari la barafu, popote litakapoundwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru aliyejaza fomu ya mkahawa huu, simjui ni nani, maana bila namba yake mradi wangu usingekuwa na namba hata moja.

Mkaguzi! (Kimya.) Mkaguzi! (Dereva, peke yake, mdomo umejaa: "Kila sahani!") Nyama salama! (Mwenye bucha: "Ng'ambo ya barabara!") Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Na ule uyoga, kama umebaki, mnifungie.

* * *

Niliandika mpaka hapo usiku huohuo, nikaongeza ule ukurasa wa mwanzo asubuhi. Kisha nikashuka jikoni, nikampa Shangazi daftari.

Alikausha mikono akavaa miwani. Ukurasa wa kwanza aliusoma mara mbili. Alipofika kwenye uyoga alicheka, akasoma mpaka mwisho.

"Uliniokoa, mwanangu, na nusura uniponze," alisema. "Kwa kalamu hiyohiyo moja." Akaitoa leseni ukutani. Ilikuwa imeandikwa: Nyama, kilo 80, salama. "Siwezi kupika chini ya hii."

"Wakitufungia je?"

"Watufungie kwa ukweli."

Jumatatu tulikwenda ofisini kabla ya shule. Nilijaza fomu mpya pale dirishani, na kwenye kile kisanduku nikaandika 0. Karani akaitazama, akasema haijakamilika. Shangazi alinigusa bega. Nikasema imekamilika, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa sababu foleni nzima iligeuka, akiwemo mwenye bucha, aliyekuja kuomba akaguliwe. Nikasema pia kwamba ile ya themanini niliiandika mimi, na ilikuwa uongo.

Karani akamwita mkuu wake. Mheshimiwa alitoka, akaitazama sifuri yangu, akaitazama foleni, akanitazama mimi na daftari nililolikumbatia. Kisha akachukua kalamu ya karani, akaandika pembeni ya ile sifuri, kwa mkono wake mwenyewe: Imekaguliwa. Akagonga mhuri.

Nikamshukuru, nikaenda shule. Kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha.