Lenzi ya Kambo Inayopenda Masikio

Jumatatu, 3 Machi

Imefika. Lenzi yangu. Nimeipokea kwa madaha, nikatia sahihi iliyojaa mikia. Mleta mizigo akauliza kama natia sahihi au nachora ramani.

Haikutengenezwa na kampuni iliyoizaa kamera yetu ya studio. Ni ya kampuni nyingine kabisa, ila inakaa shingoni mwa kamera kama vile wamenyonya pamoja. Ndiyo maana nimeiita lenzi ya kambo. Haivuti karibu wala haisukumi mbali; ukitaka uso ukaribie, miguu unayo. Lakini kioo chake kinafunguka kama jicho la bundi. Chumba chenye taa moja kinatoka kama mchana, na nyuma ya mtu kunabaki ukungu mtamu. Tena inajilenga yenyewe. Wewe ni kubonyeza tu, kama kengele ya mlangoni.

Mtandaoni wanunuzi wameisifu mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Kati ya niliowasoma, mmoja tu ndiye aliyelalamika kwamba yake inalenga ovyo. Nimemjibu kuwa asiyejua kucheza hudai uwanja una mteremko. Kisha nikaipa nyota zote tano. Boksi lilikuwa bado halijafunguliwa, lakini moyo wa fundi hujua.

Binamu yangu, binti wa Mjomba mwenye studio, akataka asome kijitabu kilichokuja ndani. Huyu ndiye Bi Maelekezo. Hawashi pasi kabla hajasoma ubavu wake wote. Nimemwambia vijitabu ni vya watu wasio na kipaji. Akasema kwa hali hiyo nikisome mara mbili. Mtani wangu huyo, nimemsamehe.

Nimeikagua mwenyewe. Safi, isipokuwa kitu kimoja: pembeni, karibu na shingo, ina katundu. Kembamba, kameachwa wazi tu. Uzembe wa kiwandani. Vumbi la studio yetu linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, sembuse tundu lisilo na mlango? Nimeliziba kwa gundi ya soli za viatu. Gundi ikanishika vidole, nikavifutia kwenye kijitabu. Kumbe kina faida.

Jumanne, 4 Machi

Mjomba katuita mbele ya kabati. Macho yake yana mtoto wa jicho, na Alhamisi anafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Amesema akirudi na jicho jipya ataangalia picha zetu, zangu na za Binamu. Mmoja atapewa kamera kubwa na kiti cha mpiga picha. Mwingine ataenda kwenye mashine ya kopi, kule pembeni jirani na choo, atoe nakala za vyeti vya watu mpaka Mungu amkumbuke.

Binamu akasema yeye popote atakapopangiwa. Unyenyekevu wa paka mbele ya bakuli. Mimi sikusema kitu. Simba akinyamaza si kwamba ameshiba.

Mteja wa kwanza: mlinzi wa duka la magodoro. Anataka picha ya kitambulisho cha kazi. Nikamkalisha, nikabonyeza. Lenzi ikaenda mbele, krii, ikarudi nyuma, krii, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mlinzi akauliza kama inaumwa. Nikamwambia inafikiri. Mwishowe ikashika.

Imeshika sikio. Sikio la mlinzi limetoka kwa namna ambayo mama yake mwenyewe hajawahi kuliona. Kila kinyweleo kinajitegemea. Uso ndio umepoa kidogo, kama mtu anayekuchungulia kutoka kwenye mvuke wa bafu.

Hapo akili ikanifanya kazi. Nikamwonyesha Mjomba. Kaisogeza mpaka puani, kasema anaona ukungu mtupu. Nikamwambia kwa upole, Mjomba, ukungu huo uko jichoni. Akashusha pumzi, akasema afadhali anaenda hospitali. Picha akaitia kwenye mfuko wa shati. Nilijisikia vibaya mpaka chai ilipokuja.

Jumatano, 5 Machi

Binamu kasema mpiga picha hasifiwi na mdomo wake, husifiwa na wateja. Vizuri. Leo nimemuuliza kila mteja kama ameridhika, na wote wameridhika, hakuna aliyesita. Siri yenyewe ni ndogo: unamuuliza kabla hajaiona picha. Mjomba nimempelekea habari hiyo njema kabla hajamaliza kufunga begi la hospitali. Kafurahi, kasema mpwa wangu kumbe una mkono.

Mchana mlinzi akarudi. Kazini wamemwambia alete picha yenye mtu. Nikamweleza kwamba huu ndio mtindo wa sasa, uso unabaki fumbo. Akasema yeye ameajiriwa kulinda magodoro, hakuajiriwa kuwa fumbo. Bi Maelekezo, bila kuitwa, akatoa lenzi yangu, akaweka lenzi kongwe ya studio iliyochubuka mdomo, akampiga. Macho mawili, pua moja, kila kitu mahali pake. Ushamba. Mlinzi kaibusu picha.

Binamu akaniuliza kwa sauti ya muuguzi kama nimejaribu kuilenga lenzi kwenye kitu kilichosimama, ukuta au chupa, nione inashika wapi. Nikamjibu kuwa chupa hazilipi. Akauliza kijitabu kiko wapi. Nikamwambia kimesomwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mjomba yuko hospitali. Na bahati ikaja na miguu yake: dada msusi wa ng'ambo ya barabara anataka bango. Bango kubwa, la kutundikwa juu ya saluni, linaloonekana tangu mzunguko wa magari. Karibu naye kumefunguliwa saluni nyingine yenye taa za rangi, na wateja wake wameanza kupotea njia. Akauliza nani bingwa hapa. Binamu alikuwa na chai mdomoni. Mimi sikuwa na kitu mdomoni.

Hii ndiyo kete yangu. Mjomba akirudi, bango liko juu, jiji zima linaliona, nani ataniweka kwenye kopi?

Aliyekaa kitini ni mdogo wake msusi, kasukwa tangu alfajiri, misuko mingi myembamba imepinda kuelekea kisogoni kama njia za mchwa. Uso kaupamba mpaka hacheki, anaogopa utapasuka. Kaniambia mtaa mzima unajua kwamba sura yake inapanda juu ya barabara, na yuko kijana mmoja ambaye lazima apite pale kila asubuhi atake asitake. Nikamwambia huyo kijana atagonga nguzo.

Krii, krii. Nikapiga nyingi. Wakataka kuona, nikawaonyesha kwenye kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera, ambacho hata mbu humtoa mrembo. Wakashangilia. Nikawauliza kama wameridhika. Wameridhika.

Bi Maelekezo akataka kwanza tuikuze picha kwenye kompyuta. Nikamwambia wivu hauhitaji kompyuta, unaonekana hivyo hivyo. Nikaituma moja kwa moja kwa mchapaji wa mabango, nikamwambia aichape kubwa kadiri ukuta unavyoruhusu.

Jumamosi, 8 Machi

Bango limepanda.

Nilikuwa wa kwanza chini yake, mikono kiunoni. Lilipofunguka nikaona nywele. Mungu wangu, nywele. Kila msuko unang'aa, kila fundo linahesabika, ngozi kati ya njia na njia nyeupe kwa mafuta. Halafu sikio moja, bora. Halafu, pale ambapo watu wengine huweka uso, pana kitu laini, cha rangi ya maandazi, chenye alama mbili za giza.

Mdogo wake msusi akatoka na chanuo mkononi. Akatazama juu. Akaniuliza yule ni nani. Nikamwambia ni wewe. Akasema yeye ana pua. Akasema amekaa kitini tangu alfajiri kwa ajili ya uji. Na yule kijana tayari amepita, akamuuliza ni nani aliyemkaimu kwenye bango. Nikarudi nyuma hatua chache, kwa heshima. Chanuo lenyewe la chuma.

Lakini msusi mwenyewe kasimama, kichwa upande. Kisha akasema mdogo wangu, sisi hapa tunauza sura? Ukitazama uso hutazami misuko. Sasa jicho la mtu halina pengine pa kwenda. Kabla ya adhuhuri wanawake wawili wameteremka kwenye gari wakinyoosha vidole juu, wanataka kama zile. Saluni yenye taa za rangi ilikuwa imekaa mlangoni inapiga miayo.

Nimemwambia Binamu kwamba hayo ndiyo yanaitwa maono. Akasema yanaitwa bahati ya mtende. Hajui hata kusifu.

Jumapili, 9 Machi

Mjomba karudi. Jicho jipya, linameta kama la kuku. Shikamoo yangu kaiitikia taratibu, halafu akatoa kitu kwenye mfuko wa shati. Picha ya mlinzi.

Kumbe baada ya kufunguliwa bandeji, daktari alimwambia asome herufi za ukutani. Mjomba haamini herufi. Akaitoa picha yangu ajipime nayo. Akaona sikio safi na uso wa mvuke. Akamwambia daktari, mwanangu, upasuaji umekwama katikati. Daktari naye akaitazama picha, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wakaita daktari mwingine. Mjomba anasema amekaa nusu ya asubuhi akijiona kipofu wa maisha, anawaza mke wake na studio yake, mpaka muuguzi mmoja akauliza ni nani alipiga hii takataka.

Hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba siku ile nilipomwambia ukungu uko jichoni mwake, aliniamini. Nikatazama viatu vyangu. Vinahitaji rangi.

Nikamvuta dirishani, nikamwonyesha bango. Akalitazama kwa muda. Akakiri kuwa misuko ile hajaona mfano wake. Nikaanza kusogelea kabati.

Hapo Bi Maelekezo akaingia na waya mkononi. Amesoma maoni ya wanunuzi, yote, hata yale ya chini kabisa. Wengi walilalamika kwamba lenzi hii inashika nyuma ya macho, masikioni na nyweleni. Kiwanda kikawatolea marekebisho: unachomeka waya kwenye katundu kaliko pembeni mwa lenzi, upande wa pili kwenye kompyuta, lenzi inafundishwa upya kulenga. Wakachomeka, wakaridhika. Akaigeuza lenzi kutafuta katundu. Akakwangua kwa ukucha. Akanusa.

Akaniuliza, Binamu, hii ni gundi ya viatu?

Nikasema ni ulinzi.

Mjomba akacheka mpaka akashika lile jicho, daktari kamkataza kucheka. Kisha akafungua kabati. Kamera na kiti kampa bintiye. Akasema mimi sifukuzwi; akija mtu anayetaka kisogo chake kipigwe, nitaitwa. Hadi hapo, mashine ya kopi iko pale.

Jumanne, 11 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Hapa jirani na choo utulivu upo, watu wakishatoka.

Hoja ya waya siikubali. Tangu lini kioo kikafundishwa kwa mrija? Hayo ni maneno ya kijitabu. Lenzi haina kosa lolote, ina chaguo lake. Msusi kaniahidi kazi ya bango la pili, na mdogo wake kaniahidi jambo jingine ambalo siliandiki. Nimemwambia mwenye duka la kofia kwamba yupo bingwa wa sehemu ya juu ya mtu. Akasema atafikiri. Wote huanza hivyo. Mtandaoni nimeongeza maoni yangu kuhusu lenzi: nyota tano ni chache.

Na hii mashine ya kopi ni mnyama mzuri, ila haikupata mtu wa kuielewa. Tangu asubuhi inatoa vyeti vyenye mstari mweusi katikati. Mwalimu mmoja kalalamika kwamba mstari umepita juu ya jina lake. Nikamuuliza kama mengine yote ameridhika nayo.

Binamu kasimama mlangoni, kamera yangu shingoni mwake, akasema ndani ya droo kuna kijitabu cha mashine. Nikamwambia namshukuru, asichoke.

Nimeikagua mwenyewe. Tatizo nimeliona mara moja. Nyuma, chini kidogo, ina matundu mengi madogo yamepangwa safu safu, yako wazi kabisa, yanapuliza hewa ya moto. Vumbi lote linapitia pale.

Gundi imebaki zaidi ya nusu.