Maonyesho kwa Miguu Yangu Mwenyewe

Jumapili, 14 Agosti 1955. Mbeya.

Safari imethibitika. Jumanne napanda basi na mke wangu Mwanakhamisi kwenda Iringa kwenye maonyesho ya kilimo. Siku tatu nzima! Ng'ombe wa kizungu, mashine za kuvunia ngano, ngoma, na pembea inayozungushwa kwa injini. Mwanakhamisi ameyataka maonyesho haya miaka minne. Mwaka juzi nilisema nina sare za shule za kushona. Mwaka jana nilisema nina jipu. Mwaka huu amenifuata kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, akasema hataki zawadi wala kanga mpya. Anataka tutembee pamoja, mimi na yeye, toka langoni hadi banda la mwisho, kama watu waliooana. Nikimwacha peke yake tena, hataniomba tena tuongozane popote, hata msibani.

Nimeapa. Sasa nifanyeje? Mimi ni mtu mkubwa. Siandiki mnene, hilo ni neno la Matano. Miguu yangu ni hodari, imesukuma cherehani miaka ishirini na mbili. Lakini cherehani haiendi popote. Nikitoka dukani hadi sokoni magoti yanalia, na mapaja yanachubuka hadi nalala nimetanua miguu kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani. Mwanakhamisi hajui. Nimemwacha adhani mimi ni mvivu. Heri sifa ya uvivu kuliko kuonewa huruma.

Matano naye anakwenda, na mkewe Bibie. Huyu ni jirani yangu, fundi kama mimi, mwembamba kama sindano yake. Zamani za kukimbilia machimbo ya dhahabu alitembea kwa miguu toka Makongolosi hadi Mbeya, na hajaacha kutusimulia tangu siku hiyo. Leo amepita dukani akasema safari itanifaa, itanipunguza. Nimemwambia kila mtu apunguze cha kwake, yeye aanze na mdomo.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimepata! Fundi hafi njaa ya akili. Nimeshona suruali mpya, na ndani ya mapaja nimetia kitambaa cha atlasi kinachoteleza, kile kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi. Atlasi juu ya atlasi, hakuna kuchubuka. Nimeijaribu kutoka kitandani hadi dirishani. Raha tupu!

Ina kasoro ndogo. Inapiga kelele. Fyoo, fyoo, fyoo. Mwanakhamisi ameuliza kutoka jikoni ni nani anayechana kitambaa. Nimesema panya.

Jumanne, 16 Agosti. Ipogolo.

Tumefika saa ya magharibi. Utingo alinikalisha katikati ya kiti cha nyuma, akasema ni kwa ajili ya mizani ya gari. Matano alimjibu kwa niaba yangu, akacheka hadi Igawa.

Sasa niandike habari ya akili yangu. Matano na Bibie wamefikia mjini. Mimi nilikataa. Nilichagua tufikie kwa Shangazi Waridi, shangazi yake Mwanakhamisi, hapa Ipogolo, kwa sababu nyumba yake iko kando ya barabara kuu na basi linakushusha mlangoni. Hatua kumi na moja tu! Nilizihesabu kwa furaha.

Halafu nikamuuliza Shangazi maonyesho yako wapi. Akanyoosha kidole juu. Nikadhani ananionyesha mbingu. Nikatazama. Mji wote wa Iringa uko kule juu kwenye ukingo wa mlima, na sisi tuko chini kabisa. Lori la kupandisha watu huondoka alfajiri, mara moja tu.

Nimekaa kizingitini nikautazama mlima ule. Nao umenitazama.

Alhamisi, 18 Agosti

Jana sikuandika. Jana tulipumzika, nilisema ni uchovu wa basi. Leo maonyesho yamefunguliwa, na lori la alfajiri tuliliwahi. Mwanakhamisi alivaa viatu vyeupe. Aliingia langoni akishika kiwiko changu. Alikuwa anang'aa, sijui niseme vipi. Nilijiona mtu.

Banda la kwanza, salama. La pili, magoti yakaanza. Fyoo, fyoo. Watu wakageuka kumtafuta nyoka. Nikatumia mpango wa pili, nilioufikiri kwenye lori. Nao ni salamu. Wahehe ni watu wa heshima na salamu zao hazina haraka. Basi kila nikichoka nitamsimamisha mzee mmoja nimwamkie vizuri. Mke ataona nina adabu, mimi nitapumzika.

Mzee wa kwanza alikuwa na blanketi begani na fimbo nzuri. Nikasema "Kamwene." Akaitikia kamwene. Nikauliza habari za nyumbani. Akanipa. Habari za watoto. Akawataja mmoja mmoja, na alikuwa nao wengi. Ng'ombe. Mahindi. Mvua ya mwaka jana, na ya mwaka juzi. Nikataka kukoma, lakini sasa ilikuwa zamu yake kuniuliza mimi. Sikujua jambo hili: kusimama kunauma kuliko kutembea! Miguu ilivimba ndani ya viatu. Mwanakhamisi alisubiri kwa adabu, akihama mguu huu na huu. Mwishowe Bibie akamwita twende tukaone sungura, mke wangu akanitazama, nikamwashiria atangulie tu.

Nilipomaliza, mzee alifurahi sana. Akasema hajawahi kuamkiwa hivi na mtu wa mjini. Akawaita ndugu zake wanne waje nao waamkiwe.

Sikumwona tena mke wangu hadi jioni. Kurudi ni mteremko, ashukuriwe Mungu, ingawa magoti yana maoni yao.

Ijumaa, 19 Agosti

Lori lilipotufikisha mjini nimemwacha Mwanakhamisi na Bibie, nikaenda msikitini mapema. Mapema sana. Mwadhini alidhani nimekuja kufagia. Nimekaa kwenye mkeka baridi, miguu imenyooka, nikasikia raha hadi nikaomba msamaha. Baada ya swala Matano alitoka kwa mwendo wa mbio kurudi maonyeshoni kwa mkewe. Mimi nilibaki na tasbihi kuvuta nyiradi. Nyiradi ndefu.

Jioni Shangazi Waridi amenieleza jambo, nami sikumwuliza. Amesema leo alipanda juu akamkuta Mwanakhamisi. Matano na Bibie walikuwa mbele wakitembea bega kwa bega, wakionyeshana mambo. Mwanakhamisi alikuwa nyuma yao hatua tatu, peke yake, ameshika kikapu cha Bibie, kama mtumishi aliyekodiwa.

Nimeumia. Naandika wazi, nimeumia kuliko mapaja. Kesho ni siku ya mwisho. Kesho nitazunguka naye mabanda yote hata nife. Lakini nitahitaji chombo cha kunibeba.

Jumamosi, 20 Agosti

Niandike yote, hata yale mabaya.

Lori tumelikosa, nimelala sana. Nilipofumbua macho Mwanakhamisi alikuwa tayari kupanda mlima kwa miguu; alinisubiri hadi lori likapita, hakunigonga hata bega. Hakukasirika. Alinitazama tu, akafunga kanga, akaenda. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Nikatoka mbio. Mbio zangu. Kwenye kona ya pili ya mlima, pumzi imekwisha, nikamwona mtu anasukuma mkokoteni mtupu. Akaniambia jina lake Bartholomeo, Mhehe wa hapa hapa. Na mimi nina siri. Bango la duka langu linasema "Fundi wa Bagamoyo", na kweli baba yangu alitoka huko. Ila mama yangu ni Mngoni wa Songea. Mbeya sitangazi jambo hilo. Hapa nililitangaza kwa sauti! Mngoni na Mhehe ni watani tangu babu zao walipopigana. Mtani anaweza kukamata mali ya mtani wake na hakuna polisi. Nikashika mkokoteni nikasema huu ni wangu, babu yangu aliuteka vitani, naye anisukume.

Bartholomeo akacheka hadi machozi. Akasema panda, mjukuu wa waliokimbia. Nikapanda. Alinisukuma hadi juu, mtu yule ana kifua cha ng'ombe! Langoni nikasema asante. Akasema asante ya nini, bado. Nilisahau kwamba utani una pande mbili.

Akanipitisha mbio kati ya mabanda, nami nimeshika kingo kwa mikono miwili. Akaingia nami moja kwa moja kwenye uwanja wa ng'ombe. Pale walikuwa wanashindana kukisia uzito wa fahali mmoja mwekundu. Bartholomeo akaniegesha kando ya fahali. Akatangaza kwa sauti ya mnada:

"Nimemteka Mngoni! Mzima, ameshiba, hana kidonda! Nani ananunua?"

Watu wakafurika. Wakaanza kukisia uzito wangu. Mwenye daftari naye akaandika namba mbili tatu kabla hajagundua. Mzee wangu wa salamu alikuwepo, na ndugu zake wote wanne, wakaniamkia. Matano alikuwa juu ya ua, ameshika mbavu. Nilicheka na mimi, kwa sababu hasira kwa mtani ni aibu, tena nilianza mwenyewe. Lakini nilicheka kwa meno tu. Maisha yangu yote nimekaa nyuma ya cherehani ili watu wasinitazame kwa jinsi ile.

Halafu watu wakapisha njia. Mwanakhamisi. Viatu vyeupe vimekuwa vyekundu kwa vumbi la mlima. Chini ya kwapa ana jogoo aliyemnunulia mwanetu Ahmadi. Yeye hakucheka. Akamwuliza Bartholomeo mateka huyu anakombolewa kwa kitu gani. Bartholomeo akasema kwa jogoo huyo, na mwingine juu yake. Mwanakhamisi akanitazama toka kichwani hadi miguuni. Akasema, "Mmoja tu. Huyu mwenyewe hata kutembea hajui."

Uwanja mzima ukapasuka. Nimekombolewa kwa jogoo mmoja.

Tukaenda kukaa kwenye majani nyuma ya banda la asali. Akaniuliza kwa nini. Nikaanza habari ya jipu, nikaacha. Nikamwambia. Magoti, mapaja, atlasi, salamu, nyiradi, yote. Alivua viatu, akakung'uta vumbi. Kisha akasema miaka minne hii alidhani naona haya kuonekana naye. Alidhani ni kwa sababu amezeeka.

Nilishika mkono wake pale mbele za watu, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya harusi.

Akasema nilikuwa mjinga. Akasema neno moja tu lingetosha, nimechoka, naye angekaa. Nusu ya maonyesho na mimi ingemtosha kuliko yote na mgongo wa Bibie. Tukajaribu. Toka asali hadi kwenye pembea nilisema nimechoka mara tatu, kwa sauti, na mara tatu akakaa papo hapo bila kuuliza, tukala mahindi ya kuchoma. Mashine za ngano hatukuziona. Mwenye pembea alinitazama akakohoa, akasema labda mama peke yake. Akapanda. Nikakaa juu ya gunia. Kila alipozunguka akafika upande wangu alinipungia mkono, na kila mara nilimpungia. Alicheka kama msichana. Sitaisahau siku hii.

Ameniapisha. Tangu leo miguu ikiuma, nitasema. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Jumatano, 24 Agosti. Mbeya.

Tumerudi salama. Nina furaha nyumbani kuliko siku nyingi. Mwanakhamisi anaimba akipepeta mchele.

Leo asubuhi amekuja Sekela, rafiki yake, mkulima wa viazi kule juu Mlima Loleza. Anamwoza binti yake Jumamosi, anatualika sote wawili. Mwanakhamisi akaniuliza, taratibu, kwa sauti ya chini, kama mlima utanisumbua. Akasema hakuna aibu, nduguye Sekela, Lutengano, ana lori la kabichi, lingeweza kutufuata hapa mlangoni na kuturudisha.

Ningesema ndiyo. Mungu ni shahidi, neno lilikuwa mdomoni. Lakini Matano alikuwa amesimama pale pale akikopa uzi, ametega masikio. Nikasikia sauti yangu ikisema lori la nini? Kabichi zipande lori. Miguu yangu haijawahi kuwa na nguvu kama sasa, hewa ya Iringa imeiponya. Tutapanda kwa miguu, mimi na mke wangu.

Mwanakhamisi alinitazama vizuri. Akauliza kama ni kweli. Nikasema kweli tupu. Basi akafurahi, akaenda kufuta viatu vyake.

Baada ya adhuhuri nimekwenda kwa Jailos, yule mwenye punda. Hatua mia mbili na nne, nimepumzika mara tano. Tumepatana. Jumamosi punda atasimama kwenye kona ya kwanza, nyuma ya mikaratusi, kana kwamba amepotea. Mimi nitamhurumia, nitasema tumrudishe kwa mwenyewe huko juu, nami nitampanda asipotee tena.

Jailos anasema punda wake ni mpole, hubeba magunia mawili ya viazi hadi kileleni bila kunung'unika. Ameuliza mzigo wa Jumamosi ni nini. Nimemwambia ni kitu kidogo tu.