Taa Zilizopewa Vyeo

Idara ya Taa za Barabarani iliwatangazia wananchi wote kwamba kuanzia Jumatano, saa nne kamili asubuhi, foleni zingekoma. Hazingepungua, zingekoma. Tangazo lilibandikwa kwenye kila nguzo ya taa, na kwa kuwa foleni zilikuwa ndefu, watu walipata nafasi ya kulisoma lote.

Aliyeitengeneza dawa hiyo ya foleni alikuwa fundi wa karakana ya idara, mama mwembamba waliyemwita Mama Fyuzi. Alikuwa kibarua. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu, nao ulikuwa umeendelea kuwa wa miezi mitatu kwa miaka kumi na mmoja. Kila alipokwenda kumjulia hali mama yake mzazi, bibi yule alimuuliza swali lilelile kabla hata ya kumkaribisha kiti: "Mwanangu, wameshakuajiri, au bado unawasaidia?" Lilimuuma kila mara, na kila mara alijifanya anacheka.

Chombo chake kilikuwa kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Unakichomeka kwenye nguzo, basi, hufumui waya wala huiti mhandisi. Kikishachomekwa, kinajitambulisha chenyewe kwa visanduku vya nguzo nyingine kupitia mtandao, vinaulizana magari yamejaa wapi, kisha vinakubaliana nani awashe kijani. Mama Fyuzi alivijaribu kwenye makutano mawili, na kwa wiki nzima madereva wa huko walifika kazini mapema wakakosa la kujitetea.

Kwa bahati nzuri, Kamati ya Kuratibu Uchomekaji iliiona kasoro.

"Yaani taa ya kule machinjioni inaweza kuiambia taa ya mbele ya ofisi yangu isubiri?" aliuliza Mkurugenzi wa Taa.

"Kama machinjioni kumejaa magari, ndiyo, Mzee."

"Bila kupitia masjala?"

"Bila, Mzee."

"Huo ni utovu wa nidhamu, mama. Tena wa kielektroniki."

Kamati ilikaa vikao kumi na vinne. Iliazimia kila taa ipewe cheo, na kila mkurugenzi afungiwe kisanduku juu ya gari lake, ili taa zimtambue tangu mbali na kumpisha. Mama Fyuzi alitii. Mkurugenzi alikuwa amemwahidi kwamba uzinduzi ukipita salama, angeajiriwa siku hiyohiyo. Barua ya ajira ilikwisha kuchapwa. Ilikuwa ndani ya mkoba wa Mkurugenzi, ikingoja sahihi tu, na anayengoja sahihi ya mtu habishani naye.

Wiki ile wakurugenzi wanne, wa Taa, wa Barabara, wa Mitandao na wa Alama, walimwita mmoja mmoja. Kila mmoja alifunga mlango kwanza. "Fundi, hiki changu kipandishe kidogo juu ya vya wenzangu. Si kwa ubaya." Akavipandisha vyote vinne hadi cheo cha mwisho, kisha akaenda kumwonya mkubwa wake.

"Mzee, wakikutana wenye cheo sawa, taa zitangoja ajulikane mkubwa wao."

"Mkubwa wao ni mimi."

"Taa hazijui, Mzee."

"Zitajua zikiniona."

Jumatano ilipofika, Waziri alikaa chini ya turubai kwenye makutano makuu. Wakurugenzi wanne walipangiwa kutokea barabara nne, wafike kwa sekunde moja, ili Waziri aone jinsi taa zinavyojua adabu. Na kweli walifika kwa sekunde moja, jambo ambalo serikalini halikuwa limewahi kutokea. Taa ziliwatambua wote kwa heshima zote, zikawaka nyekundu pande zote nne, zikangoja mkubwa. Taa ya waenda kwa miguu, ambayo kamati ilisahau kuipa cheo, iliona magari yamesimama ikawaka kijani. Ikabaki kijani.

Watu wakaanza kuvuka. Alivuka mwuza soksi, akavuka mama mwenye godoro kichwani, wakavuka wanafunzi. Wengine walivuka, wakarudi, wakavuka tena, kwa raha zao tu.

"Pita," Mkurugenzi wa Taa alimwambia dereva wake.

"Nyekundu, Mzee."

"Naiona. Pita."

"Si ulisema mwenyewe redioni, Mzee, atakayevunja taa hizi ananyang'anywa leseni papo hapo, awe amembeba nani? Leseni ni yangu. Wewe huna."

Ikapita saa tano, ikapita saa sita. Hatimaye Waziri akashika kipaza sauti. "Ndugu wakurugenzi, naomba mmoja wenu akubali, kwa muda tu, kuwa mwananchi wa kawaida."

Vioo vya magari manne vikapanda taratibu.

Mkurugenzi wa Taa alimwita Mama Fyuzi dirishani. "Nenda kachomoe kisanduku cha yule wa Barabara. Halafu hao wawili."

"Siwezi, Mzee. Kanuni ya tisa inasema kisanduku cha kiongozi kitachomolewa na mtumishi wa kudumu peke yake. Mimi kibarua."

"Upuuzi huo aliuandika nani?"

"Wewe, Mzee."

Mkurugenzi alimtazama Waziri, ambaye alikuwa akitazama saa yake. Akafungua mkoba, akatoa barua, akaiwekea sahihi juu ya goti, akagonga muhuri aliotembea nao popote. "Haya. Sasa wewe ni wa kudumu. Anza na wa Barabara."

Mama Fyuzi aliipokea kwa mikono miwili. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka, bila kujali nani anaona. Kisha akafuta macho, akaanza kuisoma palepale katikati ya barabara, tangu tarehe.

"Unangoja nini?"

"Nasoma masharti, Mzee. Aya ya sita inasema mtumishi wa kudumu atapumzika kwa chakula saa saba hadi saa nane, na ni marufuku kumpa kazi muda huo."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa saba na dakika moja, Mzee," dereva alijibu.

Mama Fyuzi aliikunja barua, akaaga kwa heshima, akavuka na waenda kwa miguu. Dereva akazima gari, akachukua ufunguo, akafungua mlango.

"Na mimi ni wa kudumu, Mzee," akasema, akamfuata.