Yah: Sapu ya Faith na Makaratasi Yasiyo na Mhuri

Kasense, nyuma ya mashine ya kusaga,
Sumbawanga.
Jumanne, tarehe 9 Septemba.

Kwa Mkuu wa Idara ya Patholojia,
Chuo cha Udaktari anachosoma Faith Eustaki, mwaka wa tatu.

Ndugu Mkuu wa Idara,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee hivyo hivyo, maana sura yako siijui. Faith anasema wewe ni mtu wa heshima ila hucheki. Sisi huku wazima, upepo tu ndio unatupiga vumbi machoni, na mbuzi wa jirani anakohoa kuliko watu.

Mimi ni Marsiana, shangazi yake Faith. Baba yake ni kaka yangu Eustaki wa Mwazye. Kaka analima, mimi nauza karanga na vitumbua mbele ya mashine ya kusaga, kwa hiyo hakuna mtu wa Kasense anayepita hapa na debe la mahindi au la ulezi bila mimi kujua kwake kumeamkaje. Shule niliishia la nne. Siyo kwamba nilikuwa mjinga, mwalimu alinichoka kwa kuongea. Nakuandikia leo kwa sababu Faith, aliye likizo hapa kwangu, kaenda Mwazye tangu Jumamosi kusalimia wazazi, kesho anarudi, na angekuwepo angeninyang'anya kalamu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa saba mtoto alinipigia simu analia, akasema, "Shangazi, nimepata sapu ya patho." Mimi nikamjibu, "Hongera mwanangu, inywe ingali moto." Akazidi kulia. Akasema, "Hii sapu nikifeli nadisko." Hapo nikakasirika. Supu sawa, mtoto ale. Lakini disko? Nikalipeleka kwenye jumuiya, akina mama tukasali rozari nzima kumwondolea Faith roho ya muziki. Ni Lydia, mwalimu wa shule ya msingi, aliyenivuta pembeni baada ya sala akaniambia, "Dada Marsiana, sapu ni mtihani wa kurudia. Kudisko ni kufukuzwa chuo." Nilikaa chini pale pale kwenye mkeka wa watu.

Mtihani wenyewe ni tarehe 29 mwezi huu. Akidondoka tena, ng'ombe walioondoka kwenye zizi la kaka kwa ajili ya ada wameondoka bure, na Faith anarudi kufunga karanga na mimi. Karanga ni kazi nzuri lakini siyo yake. Huyu tangu mdogo akichinja kuku anamfungua kwanza tumbo aangalie alikuwa anaumwa nini.

Basi nimekaa nikachunguza nani kamfelisha. Nimempata. Ni wewe. Usikasirike, nakupangia kwa namba uone mwenyewe.

1. Kitabu. Nimekipeleka kwenye mzani wa mashine, kimezidi kilo tatu. Kuna watu hapa Kasense walizaliwa wakiwa wepesi kuliko hicho kitabu, na leo wana wajukuu. Faith anakifungua, anapiga miayo, anakifunga. Mimi nimekiona kina kazi moja, kuzuia mlango upepo ukivuma, na hiyo kazi sikatai, kinaifanya vizuri. Nikamwomba anisomee kidogo kwa Kiswahili. Ndugu Mkuu, walioandika kile kitabu walikuwa na njaa! Ini la mgonjwa wanasema liko kama kungumanga. Moyo, wanasema kama mkate na siagi. Mapafu ya kifua kikuu, kama jibini. Jibini lenyewe mimi nimelionja mara moja, kwa masista, na sikurudia. Sasa mtoto wa Mwazye aliyekua kwa ugali wa ulezi atajuaje ugonjwa unaofanana na chakula ambacho hajawahi kukiona mezani? Mngempeleka kwanza hotelini akale magonjwa yote, ndipo mumpe mtihani.

2. Mzungu wa kwenye simu. Huyu anachora figo kama harage na kuongea puani. Anaongea haraka, na bado Faith anambonyeza aongee haraka mara mbili, eti ili amalize mapema. Sasa kama wote wawili mna haraka, mmekaa pamoja kufanya nini? Mimi nikisikia ile sauti kutoka jikoni nadhani mtu anagombana na kuku.

3. Kadi. Nilidhani ni za harusi. Kumbe ni maswali, yamo humo humo kwenye simu, na kila asubuhi simu inalia kumwambia zimebaki kadi elfu moja na mia mbili hajazijibu. Jumapili moja imelia padri ameinua hostia. Watu wote wakageuka wakanitazama mimi! Mimi, ambaye kelele zangu zinajulikana na haziko hivyo.

4. Namba nne naiacha wazi. Nilikuwa nayo asubuhi wakati nafunga karanga, imenitoka. Nikiikumbuka nitaijaza.

5. Zile picha za darubini. Kila picha zambarau na waridi, zambarau na waridi. Nikamwambia Faith, hili ua zuri, nitafutie kitenge chake nishone kwa ajili ya Noeli. Akaniambia, "Shangazi, hiyo ni saratani ya utumbo." Toka siku hiyo kuna kitenge changu kimoja sikivai tena, nimempa jirani, na sijamwambia kwa nini.

6. Marafiki. Huyu Meshack anampigia kumwambia asome maswali ya miaka ya nyuma tu, mengine ni kupoteza muda. Anakata simu, anapiga Hellena, anasema maswali ni ya wavivu, asome kitabu kizima mpaka maneno madogo ya chini. Kuna kundi lao la kwenye simu, watu mia moja na kitu, wanabishana kipi kizuri cha kusomea: kitabu kinene, kitabu chembamba, mzungu wa puani, mzungu mwingine asiye wa puani, madesa ya waliowatangulia, ambayo yametolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimeota ndevu. Wamebishana muhula mzima. Mtihani umefika, hawajasoma kitu, wamesoma orodha ya vitu vya kusoma. Na wewe mwenye idara ulikuwa wapi? Mimi nikiwa na wateja kumi kila mmoja anataka chumvi yake, napiga kelele, nasema chumvi ni hii, asiyetaka aondoke. Kwa nini hukupiga kelele?

7. Hii ndiyo iliyonitia aibu. Mtoto alivyochanganyikiwa hivyo, tangu mwezi wa nane akaanza kujaza makaratasi kwa mkono. Hayana jalada, hayana mhuri, hayana picha ya profesa. Tena kwa Kiswahili! Nilisoma mawili matatu. Karatasi moja inasema ini la mtu wa pombe linakuwa gumu na vinundu kama soli ya buti la mvua. Nyingine inasema usaha wa jipu la ini la amiba uko kama rojo la dagaa wa Kasanga. Nyingine inasema kifua kikuu kinaliacha pafu likimong'onyoka kama kiporo cha ugali. Nikasema hee, huu ni udaktari au ni matusi kwa dagaa wa watu? Wauza dagaa wakisikia si watatuchapa? Na kubwa zaidi, nilielewa yote. Ndugu Mkuu, jambo ambalo mimi wa la nne nimelielewa nikiwa nimesimama, haliwezi kuwa la chuo. Usiwe na wasiwasi lakini, hayo nimeshampunguzia mezani mimi mwenyewe.

8. Sasa nisikilize habari ya Polikarp. Polikarp ndiye fundi wa mashine hapa. Mwaka huu mzima anakunywa maji kwa jagi, kila akisaga debe mbili anakimbia chooni, suruali inamdondoka na chakula anakula cha watu watatu. Mimi kwa uchungu wa jirani nilishawaeleza watu wote kwamba anakunywa pombe kwa siri na yale maji ni ya kuzimua. Mke wake alininunia miezi miwili, lakini ukweli lazima usemwe. Basi jana asubuhi kanunua karanga kwangu kama kawaida, kakaa juu ya gunia anatafuna. Mara kaacha kutafuna. Kasimama, kazima mashine, foleni ya watu imefika barabarani, kavuka moja kwa moja kwenda zahanati. Wamempima: kisukari. Bila kitabu cha kilo tatu! Bila kadi! Bila zambarau! Nilipomuuliza nani kamwambia akapime, alisema tu, "Marsiana, ni karanga zako."

Umeona? Mtu kajijua ugonjwa kwa karanga zangu na maongezi ya pale kwangu. Kwa hiyo maombi yangu ni madogo. Futa kitabu, futa wazungu, futa kadi, niweke mimi. Nipe kigoda pale maktaba, wanafunzi waje mmoja mmoja, nitawaeleza nani Kasense anaumwa nini, tangu lini, na ndugu zake wanasema nini. Mitihani nitatunga mwenyewe, kwa mdomo, hakuna wa kuibia. Atakayefeli simpi sapu, nampa karanga arudie pale pale. Na ikibidi, hiyo idara yako ihamie huku, ukumbi upo, wa jumuiya, ukiondoa Alhamisi. Wewe mwenyewe hutakosa kazi, mashine inahitaji mtu wa kushika magunia sasa Polikarp anahudhuria kliniki.

Naishia hapa maana vitumbua vinaungua. Nisalimie walimu wote, hata aliyemsahihishia Faith, ila huyo msalimie kwa mbali. Kaka Eustaki anakusalimu ingawa hajui kama nimekuandikia. Lydia anakusalimu, na yeye hajui.

Mimi mwenye mtoto, ninayekuombea ucheke japo mara moja kabla ya tarehe 29,

Marsiana,
Karanga na Vitumbua, Kasense.

Nyongeza. Nimeifungua tena bahasha, samahani kwa gundi. Leo ni Ijumaa.

Faith alirudi juzi mchana. Kaangalia mezani, kainama kaangalia chini ya meza, halafu kaniuliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, karatasi zangu za Kiswahili ziko wapi?" Nikamwambia nimezifungia karanga, kwani zilikuwa za nini? Hakulia. Bora angelia. Alikaa juu ya kile kitabu kinene akasema vile vingine vyote aliviacha tangu mwezi wa nane. Alichagua kitu kimoja cha kusomea sapu, na ndicho hicho, maana akiandika ugonjwa kwa maneno ya nyumbani haumtoki tena kichwani, akifika kwenye mtihani anaugeuza Kiingereza. Kurasa sitini. Zote zilikuwa zimetawanyika na karanga Kasense nzima.

Toka juzi tunapita nyumba kwa nyumba, mimi mbele kwa kuwa wateja nawajua. Tumepata hamsini na moja. Tatizo siyo watu kuzitupa, tatizo ni kwamba wamezisoma. Mama mmoja alikataa kurudisha mpaka Faith amweleze kifua kikuu kikitoka kwenye pafu kinakwenda wapi, maana karatasi yake ilikatikia patamu. Vijana wa bodaboda wana ukurasa wa ini, wameubandika kwenye kibanda chao na wanaitana buti la mvua. Faith aliuacha, akaunakili akiwa amesimama. Alianza kucheka hapo. Kurasa za figo ndizo zimepotea kabisa, nilizitandika chini ya vitumbua, mafuta yamekunywa wino wote. Anaziandika upya, lakini nakuomba kama binadamu, usitunge swali la figo.

Kwa hiyo malalamiko yote niliyokuandikia yafute, na kigoda usilete. Ile namba nne niliyoiacha wazi nimeikumbuka. Jaza jina langu.

Ukurasa wa kisukari alikuwa nao Polikarp. Jana tulipomfuata aliuchomoa mfukoni akausoma kwa sauti, polepole, mashine imezimwa, foleni yote inasikiliza, na macho kwangu: "Mtu mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa kila saa na anakonda huku anakula, msimwite mlevi. Mpimeni sukari." Ndugu Mkuu, nilijifunika uso kwa kitenge. Mimi! Mke wake alikuwepo, naye alinunua tu karanga.

Halafu Faith akanyoosha mkono, Polikarp akakataa kumpa. Anasema ameambiwa kliniki aende na karatasi zake zote, na hiyo ndiyo ya kwanza. Kaikunja kaiweka ndani ya kadi yake ya kliniki. Nikataka kugombana, Faith akanizuia. Akamwambia, "Kaa nayo, baba. Huo ukurasa siuhitaji tena. Wakiniuliza kisukari, nafumba macho nakuona wewe."