Nafuu ya Kumlisha Mke Wangu kwa Mshipa

Kwa Bwana Mganga Mkuu,

Salamu nyingi. Mimi ndiye seremala niliyeipiga randa meza unayoisomea barua hii, kwa hiyo isome yote.

Tangu mlipomkata mke wangu utumbo, hali chochote kwa mdomo. Chakula chake kipo kwenye mifuko, kinapita kwa mpira mpaka kwenye mshipa wa kifuani. Mkaniandikia kuwa kumlisha nyumbani ni nafuu kuliko wodini. Mkubwa haambiwi mwongo. Nasema tu nafuu hiyo sijaiona, labda imebaki kwenu.

1. Friji sasa ni ya mifuko. Samaki wangu wamefukuzwa. Umeme ukikatika nakimbilia kwa muuza barafu, mzee mzima, nimeikumbatia mifuko kama kichanga.

2. Kabla ya kuunganisha mpira nanawa mpaka viwiko. Mikono iliyochonga milango yenu yote imekuwa laini kama ya karani, wateja wananitilia shaka. Wodini kazi hii ina mshahara. Na mimi naifanya vizuri kuliko wauguzi wenu, mpira haujaingia uchafu hata siku moja.

3. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pampu yenu imekuja, ikachukua upande wangu wa kitanda kwa sababu waya ni mfupi. Mimi nalala kwenye benchi nililolichonga mwenyewe. Mabenchi yenu ya kusubiria ni ya mkono huohuo. Niombeeni radhi kwa wagonjwa.

4. Hili ndilo kubwa. Yeye hali, mimi nitatafunaje mbele yake? Nakula nyuma ya karakana, nimesimama, mbiombio kama mwizi wa kuku. Nimekonda. Sasa mna wagonjwa wawili kwa hesabu ya mmoja.

Kwa hiyo naomba kwa adabu: ama mnitundikie na mimi mfuko wangu, tule pamoja kama watu waliooana, ama Jumatatu mlete gari mumrudishe wodini, nafuu yenu muibebe wenyewe. Sibadili neno. Tangu nizaliwe sijabadili.

Nisalimie wauguzi, mtoa dawa, na mlinzi wa getini ambaye bado anao msumeno wangu.

Ni mimi niliyechoka,
Fundi wa milango yenu

N.B. Kalamu hainitii. Mimi natamka, mke wangu anaandika. Tulipomaliza aliirudia kuisoma, na alipofika namba nne aliweka kalamu chini. Kisha akasema nilete sahani yangu nile hapahapa, anione, la sivyo haandiki anwani. Nimekula, nikaongeza. Gari msilete. Leteni mifuko.